Mchukuzi wa Pumzi Moja

Mimi sijui kukaa, wanangu. Nyinyi mnaokuja Kiembeni kunisalimu mnanijua: chai haijapoa nimeshainuka, nimetazama nje, nimehamisha kiti, nimewauliza mnaandika programu gani siku hizi, na kabla hamjajibu nimeshaiomba kompyuta niione mwenyewe. Marehemu mama aliniita mwenye kiherehere tangu nikisoma Kurani chuoni huko Kisauni. Nimestaafu, lakini mikono haijapata habari. Basi leo, badala ya kuwapokonya kompyuta zenu, nitawaandikia lile mnaloniuliza kila mara mkaishia kucheka: kwa nini mtu akinipa programu niikague naisoma kwa sauti, mstari baada ya mstari, kama niko kwenye hitima, kisomo cha kumwombea marehemu.

Jibu si fupi. Ndani yake mna programu moja iliyofumuliwa na kusukwa upya, na mna mzee mmoja ambaye nusura kazi imponyoke kwa ajili hiyo.

Nilikuwa nafanya kazi Changamwe, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ndege ikishuka tuliacha kuzungumza katikati ya neno, ikapita, tukaendelea palepale. Mpaka leo ninayo tabia hiyo na wajukuu wananicheka. Tajiri wetu, maana sisi wa pwani mwenye kazi ni tajiri hata kama kanzu yake imechakaa kuliko nguo yako, aliuza kompyuta, akazitengeneza, na akaziwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Aliipenda kwa kuwa ilikubali kukaa kwenye mashine kuukuu ambazo wengine walishazitupa. Wateja wetu walikuwa maghala, shule mbili tatu, maofisi ya kutoa mizigo bandarini, na zahanati moja ya Shika Adabu, kule Likoni.

Lakini Linux haikuwa moja, na hata leo si moja. Zilikuwa koo, na kila ukoo ulikuwa na mila zake za kufunga mzigo. Programu huja imefungwa kwenye kifurushi: mna programu yenyewe, maelezo yake, na pengine majina ya vitu inavyovitegemea. Ukoo wa kwanza ulifunga vifurushi vya tgz, na hao hawakuuliza kitu. Ukiwaambia weka wanaweka, ukiwaambia toa wanatoa, hata kama unachokitoa ndicho kinachoshikilia paa. Ukoo wa rpm ulikataa kuweka kifurushi mpaka jamaa zake wote wawe wamefika. Ukoo wa deb ulifanya hivyohivyo, na juu yake ukakuhoji maswali kama mama mkwe. Kila ukoo na amri zake, na kitu kilekile kina jina hili huku na jina jingine kule. Sisi tulikuwa na koo zote tatu kwa sababu tulichukua diski tulizozipata: hii imekuja na gazeti la ng'ambo, ile kaileta baharia, nyingine tajiri karudi nayo kutoka Dubai.

Aliyetuokoa na fujo hiyo ni Mzee Charo. Alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mrefu, mpole wa maneno, mwimbaji wa sauti ya chini kanisani kwake. Alikuwa fundi wa simu kabla ya kuwa fundi wa kompyuta, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii tangu sijui disketi ina upande gani. Aliandika programu ya dirisha jeusi, ya kuandikiwa amri, isiyo na picha wala kubofya, akaiita mchukuzi. Ukiandika "mchukuzi weka" na jina la kitu, mchukuzi mwenyewe anaangalia yuko katika ukoo gani na anatumia amri za ukoo huo. "Mchukuzi toa" huondoa, "mchukuzi tazama" hukuonyesha kilichomo. Karani wa ghala hakuhitaji kujua tgz wala deb. Alihitaji kujua Kiswahili tu.

Na hapo kwenye Kiswahili ndipo tulipoteleza. Kabla ya kuondoa kitu, mchukuzi aliuliza, "Nitoe kweli?" Mzee Charo alikuwa amepanga kwamba mtu akiandika "la", mchukuzi aache, akiandika jingine lolote, atoe. Sote tuliona ni sawa, kwani nani atajibu zaidi ya ndiyo au la? Basi siku moja Bi Saumu, msimamizi wa ile zahanati ya Shika Adabu, mama wa Kidigo mwenye adabu zake kamili, alikuwa anatafuta nafasi kwenye diski iliyojaa. Akaandika "mchukuzi toa" na jina moja la kwenye orodha, mashine ikamwuliza kama ikitoe kweli kitu hicho asichokijua. Sasa nyinyi ni watoto wa pwani. Mtu akikualika na unajua huendi, unamwambia la usoni? Bi Saumu naye hakutaka kuwa mkavu. Akaandika "inshallah", akaenda kumtazama mgonjwa, akiamini jambo limeahirishwa kwa heshima.

Mchukuzi akatoa. Na alichokitoa ni maktaba kuu ya mashine, faili ambayo karibu kila amri inaitegemea, kwa kuwa zahanati ilikuwa ya ukoo wa tgz, ukoo usiouliza. Bi Saumu akapiga simu. Kila anachoandika, mashine inamjibu kwamba imeshindwa. Hata ls, amri ya kuorodhesha faili, ilikuwa imekufa.

Mzee Charo alichukua simu, akafumba macho. La kwanza alilomwambia ni asiizime mashine na asilifunge dirisha lile jeusi. Lishikeni hili: dirisha lililokwisha kufunguka limeshabeba linachokihitaji, na ukilifunga hutapata cha kulifungulia. Kisha akamwambia aandike echo, aache nafasi, aweke nyota. Majina ya faili yakatokea, maana echo inakaa ndani ya dirisha lenyewe, haihitaji maktaba. Hiyo ndiyo ls ya mtu aliyefilisika. Halafu akamwongoza mpaka kwenye mkoba wa dharura, amri chache zinazojitegemea ambazo mzee aliziacha katika kila mashine ya mteja, na kwa amri hizo maktaba ikarudishwa kutoka kwenye disketi. Alifanya yote hayo herufi kwa herufi, macho yamefumbwa. Mimi nilikaa pembeni nikistaajabu, na nilidhani kule kufumba macho ni madaha ya fundi.

Ubaya wa mchukuzi ulikuwa tumboni. Alizaliwa mdogo, na kila mteja alipolalamika akaongezwa kiraka. Hata ile inshallah ilipata kiraka chake: kama hii ni zahanati ya Shika Adabu, na jibu ni inshallah, usitoe. Wallahi, iliandikwa hivyo, jina la zahanati ndani ya programu yenyewe. Ghala fulani lilikuwa na modemu ya ajabu, nayo ikapewa mistari yake. Na swali la ukoo liliulizwa kila mahali. Mgeni akija kwetu, mlangoni ataulizwa, "Wewe wa kwa nani?" Akishajibu amekaribia, hatumwulizi tena sebuleni, na uani, na jikoni. Mchukuzi aliuliza mpaka chooni.

Nikamwambia Mzee Charo tumfumue. Nasema kufumua kwa lile ambalo nyinyi mna jina lake la Kizungu: kuipanga upya programu kwa ndani, na mtumiaji asione tofauti kwa nje. Mwanamke akisukwa nywele juu ya msuko wa zamani, na juu yake tena, hufika siku lazima afumuliwe, achanwe, asukwe upya, na kichwa ni kilekile. Mzee akakataa. Alisema kwa upole wake kwamba chombo kinakwenda na hakivuji, sasa wataka nini. Nikarudi wiki ya pili nikajibiwa hivyohivyo, na ya tatu. Ikawa nakula wali naiona mistari ile. Nikishuka kununua mahamri narudi bila mahamri, kichwani nimekata kipande na kukihamisha.

Kisha tajiri akapata mteja mkubwa, mwenye maghala hapa na pale kote Changamwe, na mashine za koo zote tatu. Mteja aliweka sharti moja: fundi yeyote wetu atakayekwenda kwake aweze kumshika mchukuzi na kumrekebisha, si mtu mmoja peke yake. Tajiri akasema Mzee Charo ataongoza kazi hiyo. Mzee akaitikia, na hakugusa kitu. Tajiri alipopanda ngazi kuuliza, mzee alisema bado anafikiri. Mimi wa kungoja mtu afikiri? Nikamnakili mchukuzi kwenye mashine yangu na kuanza kufumua mwenyewe.

Swali la ukoo nikaliuliza mara moja tu, mlangoni. Ndani nikajenga vyumba vitatu, kimoja kwa kila ukoo, na katika kila chumba nikaweka vitendo vilevile vya kuweka, kutoa na kutazama, ili anayekijua chumba kimoja asipotee katika kingine. Mambo ya wateja nikayatoa tumboni mwa mchukuzi. Kila mteja akapata faili yake mwenyewe ndani ya mashine yake mwenyewe. Yale majina yanayotofautiana nikayakusanya mahali pamoja. Nilifurahi kama mtoto aliyevalishwa nguo za Idi.

Nikamkalisha Mzee Charo mbele ya mashine yangu, nikamwambia hii ni nakala tu, ajaribu kuongeza kitu aone raha yake. Akakaa. Hakuwa na desturi ya kushuka kwenye programu kidogokidogo kama sisi. Aliandika namba ya mstari anaoutaka, akaruka moja kwa moja, akaanza kupiga vibonyezo kwa kasi. Alisema anaongeza kitu cha zahanati kwenye kuweka. Mimi niliyesimama nyuma yake nikaona anaandika katikati ya kutoa. Maneno yake yaliupasua mstari wangu vipande viwili, na hata hakusita. Akahifadhi, akageuka, akaniuliza kama iko sawa.

Nikamwambia, "Mzee Charo, hebu soma ulichoandika."

Hakusoma. Ndege ilikuwa inashuka, tukangoja ipite. Ilipopita akasema, "Umenihamishia nyumba, Mwanaisha. Ile ya zamani naijua gizani."

Ilikuwa presha ya macho. Aliniambia alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Dawa ya matone aliyopewa inachelewesha, hairudishi kilichokwenda. Pale pale yakanijia yote niliyoyaona na kuyafanya si kitu: kunipa mimi kila karatasi nimsomee kwa kuwa eti miwani ameiacha nyumbani, na mzee yule sijawahi kumwona na miwani, mkono wake ukutani akipanda ngazi, kikombe anachokitafuta kwa vidole. Programu yake ndefu ile, mbovu ile, alikuwa ameihifadhi yote moyoni, kila mstari kwa namba yake. Ukiongeza mstari mmoja juu, kila kilicho chini kimehama, na yeye amepotea. Kumbe ndiyo maana viraka vyake vyote vilikaa mwishoni.

Mkewe peke yake ndiye aliyejua. Binti yao alikuwa kidato cha tatu. Tajiri hakuwa mtu mbaya, lakini ni nani miaka ile aliyesikia fundi wa kompyuta asiyeona? Mzee akaniambia, "Akijua, mimi ni wa kurudi Kaloleni. Na huko nitafanya nini, Mwanaisha? Hata mnazi siwezi kuupanda." Alisema hivyo na kutabasamu, na tabasamu lile liliniuma kuliko kama angelia.

Nilitaka kulia na nilitaka kufanya kitu. Mimi nikishikwa na mawili hayo, hufanya la pili. Kurudisha mchukuzi wa zamani hakukuwezekana, kwa sababu mteja alitaka programu ya kila fundi na ile ilikuwa ya fundi mmoja. Kumwacha mzee nje ya mchukuzi mpya kungekuwa kumfukuza kazi kwa mkono wangu, na hilo nisingeliweza. Nikatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni nikarudi. Mzee akaniacha nitembee, halafu akavuta kiti.

"Nisomee," akasema.

Nikaanza kusoma kama nilivyofundishwa chuoni, kwa sauti, sibakishi hata nukta. Tulikubaliana majina mafupi ya zile alama, mabano na nukuu na nyinginezo, ili tusipoteze muda. Nikaingia chumba cha deb, kwenye kuweka, nikasoma, nikasoma, mpaka nikatweta. Mzee Charo akainua kidole.

"Hapo umekata pumzi. Wewe mwenye macho imekukata pumzi. Mimi nitaibeba vipi?"

Sharti letu likazaliwa hapo. Kipande cha programu kisichosomeka kwa pumzi moja kikatwe viwili. Na kila kipande kiwe na jina linalosema kazi yake, maana mtu anayesikiliza hawezi kupepesa jicho chini aone kina nini. Mimi nilikuwa na kipande nilichokiita "fanya2", nikijiona mjanja. Akaniuliza, "Fanya nini?" Nikasema kinatafuta jina la kifurushi katika ukoo ule. Akasema basi kiitwe hivyo. Nikabisha kwamba jina litakuwa refu. Akaniambia kwao hata mbuzi ana jina, na anajua akiitwa.

Kila asubuhi kabla ya wateja tulisoma. Wanangu, kwangu ilikuwa adhabu. Kukaa kitini, kusoma polepole, programu niliyoiandika mwenyewe na kudhani naijua! Nikiruka mstari mzee ananiambia nimeruka. Nilimwuliza amejuaje, na yeye hajaisikia hata mara moja. Akasema sauti yangu imekimbia. Na kweli, pale sauti ilipokimbia ndipo palipokuwa na kasoro. Tulikuta mahali ambapo mchukuzi wangu mpya aliuliza, "Nitoe kweli?" baada ya kuwa ameshatoa.

Sikio lake lilifanya kazi ambayo macho yangu yalishindwa. Nasoma chumba cha rpm, ananikatiza kwamba hicho nimeshamsomea. Nasema sijakusomea, hiki ni kipya. Anasema umenisomea juzi, ukiwa kwa deb, isipokuwa neno moja. Narudi kutazama, naona vipande viwili pacha, nimeviandika mara mbili kwa majina mawili bila kujua. Tunavifanya kimoja, tunakiweka sebuleni ambapo vyumba vyote vinakifikia. Mchukuzi akawa anapungua huku kazi yake ni ileile.

Watu wa duka la vipuri chini walisikia sauti yangu kila asubuhi, ile ya kusoma kwa mfululizo, na sauti nzito ya mzee ikiitikia. Mmoja akapanda ngazi kwa adabu, kofia mkononi, kutuuliza hitima ni ya nani, nao waje watoe pole. Mzee Charo akamwambia marehemu ni mchukuzi. Yule bwana akasema Mungu amrehemu, akashuka. Tulicheka mpaka nikaenda kunywa maji.

Msiruke jambo moja. Kufumua si kubuni. Tuliweka mashine tatu kuukuu sakafuni, moja ya kila ukoo, na ile ya tgz tuliiita Bibi. Kila tulipokata kipande, tulimwendesha mchukuzi wa zamani, tukamwendesha mpya, kwa amri zilezile, na kulinganisha walichojibu. Wakitofautiana hata nafasi moja, tunasimama hapo mpaka tujue kwa nini. Mara moja nilitaka kuendelea nikasema nitarekebisha mwishoni. Mzee akainuka akaenda kujimiminia chai, na hakurudi kitini mpaka nilipolinganisha.

Kitu kimoja tu tulikibadilisha kwa nje, nacho ni lile swali. Sasa mchukuzi alitoa kwa "ndiyo" peke yake. Jibu jingine lolote, alisema, "Haya, nitangoja." Maneno hayo ni ya Mzee Charo, alinitajia nikaandika. Kwa hiyo kiraka cha Shika Adabu kikafa kifo kizuri, kwani pwani nzima ina inshallah zake, si Bi Saumu peke yake.

Tajiri alikuwa naye ameshikwa na wasiwasi. Anapanda, anashuka, anauliza lini. Mwishowe akasema kabla ya kumwonyesha yule mteja mkubwa anataka kuona mchukuzi mpya akifanya kazi kwa mteja wa kweli, na anataka kumwona Charo akiongoza. Tukamvushia Bi Saumu disketi kwa feri. Kazi yenyewe ilikuwa kuondoa programu yake ya zamani ya kuchapisha na kuweka mpya, kwa simu, yeye Likoni na sisi Changamwe.

Siku ikafika. Tajiri alisimama karibu na dirisha, mikono nyuma. Mzee Charo alikaa na simu sikioni, uso ameuelekeza kwenye skrini kama mtu anayesoma. Mimi peke yangu nilijua kwamba skrini ile ilikuwa inaonyesha ukurasa mtupu. Alimsalimu Bi Saumu, wakaulizana hali za nyumbani mpaka nikatamani kuikata simu. Ndipo wakaanza. Alimpa amri moja moja, akamwambia mapema mashine itamjibu nini, na Bi Saumu akaitikia kila mara kwamba ndivyo imejibu. Kichwani mwake mzee alikuwa anatembea chumba hadi chumba ndani ya nyumba mpya. Wakafika kwenye swali. Nikasikia kicheko chembamba kwenye simu.

"Nimeandika inshallah makusudi," alisema Bi Saumu. "Ati yasema yangoja."

Akaandika ndiyo. Ya zamani ikaondoka, mpya ikaingia, na baada ya muda akatuambia karatasi inatoka kwenye printa, tumsikilize. Mzee Charo akamsogezea tajiri simu naye asikie ile sauti ya kukwaruza.

Tajiri akafurahi. Aliweka simu chini, akavuta kiti, akasema, "Haya, Charo, nionyeshe hapa kwenye skrini ndani mkoje. Mteja ataniuliza."

Nikaruka. Nikasema mimi nitamwonyesha, mzee amechoka, simu ilikuwa ndefu. Mzee Charo akanishika mkono.

"Siioni, tajiri," akasema. "Nimeisikia tu."

Akamwambia yote. Hakujitetea wala hakuomba. Chini mtu alikuwa anagonga chuma, anagonga, na mimi nikimchukia kwa kila pigo. Tajiri alimtazama mzee, akautazama ule ukurasa mtupu, akanitazama mimi niliyejua na kunyamaza. Akauliza ni tangu lini. Mzee akasema ni mvua mbili za masika zimepita. Akamwuliza, na hii ya leo? Mzee akajibu kwamba hii ya leo anayo yote kifuani, na wengine wote wanaweza kuwa nayo, ndivyo ilivyotengenezwa.

Ndege ikashuka. Sijapata kuona ndege iliyochukua muda kupita kama ile. Tajiri akavua kofia yake, akaiweka juu ya meza.

"Basi nisomeeni na mimi," akasema.

Nikafungua mchukuzi, nikasoma. Nikaanzia mlangoni, kwenye swali la ukoo, nikaingia ndani. Kipande, pumzi, kipande, pumzi. Tajiri alisikiliza kwa kuinamisha kichwa, Mzee Charo kwa kufumba macho. Nikapita kwa tgz, nikapita kwa rpm, nikafika pale majina ya vifurushi yanapotafutwa. Tajiri akainua mkono.

"Hapo sijaelewa. Na mteja akija ni wewe utakayemweleza, Charo, kwa hiyo mimi nielewe kwanza."

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, maneno yote ninayo, kwamba kipande kile ni kizuri na kimelinganishwa na cha zamani, na kimefaulu. Mzee Charo alikuwa anatabasamu, na safari hii tabasamu lake halikuniuma.

"Kama hapo hajaelewa, hapo hatujamaliza," akasema. "Mwanaisha, kata."

Nikavuta kibodi.